Fundi Spoku na Barabara ya Mlimani

Fundi baiskeli waliyemwita Spoku, kwa kazi yake na kwa wembamba wake, hakuwa mtu wa kujitafutia makuu. Sehemu kubwa ya utu uzima wake ilipita kibandani, akinyoosha rimu na kuziba pancha za watu. Lakini kaka yake alipofariki, nafasi ya familia katika mbio za kuzunguka mlima ilibaki wazi, naye akasema ataijaza.

Mzunguko wenyewe si wa mchezo. Barabara ya lami inaanzia getini pa hifadhi, inapanda kona kwa kona katikati ya mianzi hadi juu kwenye ukungu, inashuka upande wa pili, kisha inauzingira mlima na kurudi kwenye geti lile lile. Nyuma ya waendeshaji wote hufuata pikapu ya kuwaokota walioshindwa. Hakuna mtu wa nyumba ya Spoku aliyewahi kuonekana ndani yake.

"Mdogo wangu," dada yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, alimwambia asubuhi hiyo getini, akimfunga kamba ya kofia ngumu kama anayempeleka mtoto shule. "Ukichelewa, hakuna atakayekulaumu. Lakini usije ukanishukia kwenye pikapu mbele ya watu hawa."

"Dada, unanikaba."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Legeza basi."

Wazee waliondoka kwanza, vijana wangefuata baadaye. Wengi wa wazee wenzake walimpita mmoja baada ya mwingine, wengine wakimpa pole ambayo hakuiomba. Mapaja yalimwaka moto. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani, na mbele yake aliona gurudumu lake na kipande cha lami, basi. Karibu na kilele, cheni iliruka ikakwama. Nusura ashukuru, maana hilo sasa alikuwa analijua. Alisogea pembeni, akaipindua baiskeli magurudumu juu, akaikwamua cheni, akaisimamisha tena, akafuta mikono kwenye majani na kupanda.

Hakukanyaga pedali mara nyingi kabla mteremko haujamchukua. Kumbe kilele kilikuwa hapo hapo, alijisemea. Upepo ulimpiga kifuani, akatabasamu peke yake.

Tabasamu hilo halikudumu. Upande huu wa pili nao ulikuwa na mianzi. Sawa, mianzi haikatazwi kuota. Ulikuwa na kibao cha kuonya kuhusu nyati, kimepinda kama kile alichokiegemea wakati wa kupanda. Huenda nyati wa huku nao walipenda kujikuna. Ila ganda la ndizi chini ya kibao lilimtatiza. Yeye alikula ndizi upande ule.

Ndipo vijana wakatokea kwenye ukungu, wanapanda, wakimjia uso kwa uso.

"Mnarudi wapi nyie?" aliwauliza akifunga breki.

"Mzee, wewe ndiye unarudi," alijibu mmoja huku akihema.

"Mimi natoka juu."

"Na sisi tunaenda juu."

"Basi mmepotea. Geti liko chini huku."

Kijana wa nyuma alisimama kabisa. "Lakini hata sisi geti liko mbele yetu. Si ni mzunguko?"

"Ndiyo, ni mzunguko," alisema Spoku, lakini neno hilo halikumsaidia kitu. Kila upande ulielekea getini. Kijana aliangalia juu, akaangalia chini, akaanza kugeuza baiskeli. Mwenzake akamvuta fulana.

"We, twende. Utamsikiliza babu hadi kesho."

Waliyeyuka kwenye ukungu. Spoku alibaki na mguu mmoja chini, hajui aamini macho au mapaja. Hapo pikapu ikapanda taratibu, taa zimewashwa, ikasimama ubavuni pake. Nyuma walijikunyata wazee wawili, wamejifunika turubai.

"Panda, mzee," dereva alisema. "Umejitahidi."

"Mwanangu, niambie kwanza. Mimi naenda au narudi?"

Dereva alimtazama kwa huruma. "Unarudi. Kwani hukugeuza mwenyewe?"

Aligeuza mwenyewe. Ilimjia akiitazama mikono yake yenye grisi. Kibanda chake kina mlango mmoja. Baiskeli ya mteja huingia ikielekea ukutani, na yeye akimaliza huizungusha ielekee ilikotoka, imsubiri mwenye mali. Mikono ilikuwa imefanya kazi ya kila siku, bila kumuuliza.

"Panda basi. Ulishafika karibu na kilele, hiyo si aibu."

"Kwetu ni aibu," alisema Spoku, akaigeuza baiskeli.

Aliupanda mlima ule ule mara ya pili, pikapu ikinguruma nyuma yake kama ng'ombe asiyetaka kuswagwa. Penye ukali alishuka akakokota. Kila kona aligeuka. "Niko sahihi?" Na kila mara dereva alijibu, "Uko sahihi, baba," hadi akachoka akawa anapiga honi tu. Hata alipoteremka upande wa pili, ambako hakukuwa na mwanzi hata mmoja, Spoku hakuwa na uhakika. Alikanyaga tu.

Getini askari wa hifadhi alikuwa ameshafunga nusu ya lango, na watu wengi walikwisha ondoka. Dada alikuwa bado amesimama, mkoba mkononi. Aliitazama pikapu, akamtazama ndugu yake akipita langoni juu ya baiskeli, akashusha pumzi.

"Vijana wamekuja hapa wanacheka," alimwambia akimfungua kofia. "Eti kuna mzee huko juu alikuwa anarudi nyuma na kuwapoteza watu njia. Nimewaambia wachunge midomo yao, huyo si wa kwetu."

Spoku alikaa chini kwenye lami.

"Ni wa kwetu, dada."

Dada alitazama kama dereva yuko karibu.

"Sogea," alisema, akatandika kanga yake, akaketi kando yake. "Hebu nieleze vizuri. Ulikuwa unatokea wapi?"

"Hilo ndilo sijui hata sasa."