Siku ya Tisa ya Vipele

Mdogo wangu wa kike alikuwa na mimba ya miezi miwili alipotokwa na vipele mwili mzima. Wazazi tuliwazika Kongo. Mimi, wa kwanza, niliacha shule darasa la saba nikawalea wadogo zangu hapa Nchelenge, Zambia. Ila kwa mambo ya ugonjwa tulimsikiliza mama mdogo, jirani yetu. Kwake vipele huitwa mgeni: hatajwi jina, wala siku zake hazihesabiwi, asije akaudhika na kukaa.

Tulinyamaza. Vilipofifia ndipo nikampakia kwenye baiskeli hadi kliniki, maana nilisikia rubela huharibu macho, masikio na moyo wa mtoto tumboni. Nikiwa bado nafunga baiskeli nje, bwana mmoja wa maabara alimtoa damu na kumuuliza vilianza lini.

"Jana," akajibu.

Damu ikapelekwa maabara kubwa. Tulingoja wiki tatu. Mdogo wangu alilala ameugeukia ukuta, na mama mdogo akaleta mizizi ya kutoa mimba. "Utazaa kipofu, nani atamulea?" Sufuria ya mizizi hiyo iliyochemshwa ikakaa tayari jikoni kwangu.

Majibu yalipofika, yule bwana alisoma: rubela ya karibuni haikuonekana, lakini damu ilichukuliwa mapema mno, siku ya pili. Jibu haliaminiki.

Nilimgeukia mdogo wangu. "Siku ya pili?"

"Yaya, dada yangu, mama mudogo alikataza kuhesabu, nikasema jana tu."

"Mugeni gani analala kwako juma nzima na humuhesabie siku?" Nikamwambia yule bwana vilianza Jumapili, tulikuja Jumatatu ya juma lililofuata. Siku ya tisa. Aandike.

"Bamayo, mama, fomu imeisha kujazwa. Mambo ya damu hutayaelewa."

Damu ilinipanda kichwani. "Siku tisa ni mapema?"

"Hapana. Siku tisa inatosha."

"Basi kitu gani sijaelewa?"

Wanawake kwenye foleni walicheka. Sikuondoka mlangoni mpaka alipopiga simu maabara kubwa, akakata ile tarehe na kuandika nyingine. Kwa siku tisa, alisema sasa kwa sauti ndogo, rubela ingekuwa imeonekana. Haikuwa rubela.

Sikumshukuru. Kwa mstari mmoja alioujaza bila kuangalia vile vipele vilivyokwisha kukauka, na kwa ukimya wetu wenyewe, tulikuwa karibu kumuua mtoto mzima.

Tulipofika nyumbani mdogo wangu aliichukua ile sufuria, akaimwaga nyuma ya choo, akaniomba sabuni ya kuisugua.