Springi za Kulala Porini

Juzi, kwenye duka la vipuri pale mtaa wa Kanyenye, mjini kwetu, nilimkuta bwana mmoja na mkewe wakichagua springi za nyuma za pikapu yao, waliyoiinua hadi mke anapanda kwa kukanyaga kigoda.

"Nataka zile ngumu kabisa," bwana akasema. "Sisi kila mwezi tunalala porini."

Muuzaji akatikisa kichwa. "Poleni sana. Kila mwezi? Basi gari hilo lina ugonjwa mwingine, si springi."

Mke akacheka hadi akaegemea kaunta. "Hatukwami, kaka. Tunalala kwa kupenda. Tuna hema."

Muuzaji akatugeukia sisi wateja wengine, kama anayetafuta shahidi. "Haya. Mnabeba nini?"

"Hema, maji, jiko," bwana akajibu, mkono juu ya springi nene kuliko zote.

"Na mama," mke akaongeza.

"Mama gani?" bwana akamgeukia mkewe.

"Mama yako. Anataka kuuona tena msitu wa Ipole, alikokuwa akirina asali na baba. Hizo ngumu zitamvunja mgongo."

Bwana akaondoa mkono taratibu. "Kweli kasema hivyo?" Kisha, kwa muuzaji: "Tupe zilizo laini kidogo. Mzigo tutapunguza."

Mji huu umekuzwa na wapagazi wa misafara ya zamani, waliolala porini kwa lazima, mizigo mabegani. Leo mama mtu mzima anaomba kwenda kulala huko, na mwanawe anamchagulia springi.

Walipolipa, muuzaji hakuwaambia safari njema. Alisema, "Haya, mkalale porini salama."