Buibui na Bangili

Buibui aliniuma mchana, nikivuta kuni nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu, ndani kabisa ya Kajiado. Alikuwa mdogo, mweusi, wa kudharauliwa tu. Nilimwona akishuka kwenye kidole gumba changu bila haraka, kisha akapotea kwenye magome. Nami, mjuaji wa Kitengela, nikaendelea kuvuta kuni.

Kufikia chai ya saa kumi, mkono wa kushoto ulikuwa unawaka. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili na mto umefurika. Mtu wa bodaboda aliyeitwa anipeleke zahanati alifika ng'ambo, akayatazama maji, akageuza pikipiki. Mume wangu alikuwa kazini Namanga. Tulibaki wawili, mimi na mama mkwe, na tangu harusi tulikuwa tukiongea kama watu wasiojuana waliokalishwa benchi moja kanisani.

Nilichukua kamba nijifunge juu ya kiwiko, nikaulizia wembe ili nichanje sumu itoke. Ndivyo nilivyosikia nikiwa mdogo. Mama akaninyang'anya kamba.

"Hapana funga. Hapana kata. Kuna mtu hapa alikatwa hivyo, mguu yake ikaoza. Leta mkono."

Aliosha jeraha kwa maji na sabuni, polepole, akaweka kitambaa cha maji baridi, akanipa vidonge vya maumivu na kunilaza, mkono juu ya mito miwili. Basi nikaanza kuelea. Mvua kwenye mabati ilikuja na kwenda. Ukuta ulipumua. Ng'ombe walipita chumbani kimya, wamelowa, na mama yangu mzazi aliwapungia mkono kutoka dirisha letu la Kitengela. Sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa na furaha fulani ya kipuuzi.

Ganzi ya vidole ndiyo iliyonirudisha. Vilikuwa vimevimba na kubadilika rangi, na bangili ya shanga ilikuwa imezama kwenye nyama. Mama mwenyewe ndiye aliyeishona juu ya mkono wangu siku nilipoletwa nyumbani, akafunga uzi kwa fundo. Haikuwa na kifungo, kwa hivyo haikuvulika.

Alikuja na kisu kidogo cha jikoni. Nikaficha mkono chini ya blanketi. Ujinga, najua. Lakini nilishasikia majirani watakavyosema: mke Mkamba, hata miaka miwili haijaisha, ameshakata.

"Usikate, mama. Uvimbe utashuka tu."

"Hiyo mkono itakufa."

"Watasema nimekataa nyumba yako."

Aliketi kitandani.

"Mimi nilikaza makusudi," alisema. "Wake wa hapa wote wako na ile ya kifungo. Wewe nilikuogopa. Nilisema huyu wa town siku moja atatoa, aende kwao."

Niliutoa mkono. Alipitisha kisu chini ya uzi, mgongo wa kisu ukigusa ngozi yangu. Shanga zilimwagika, nyekundu, nyeupe, buluu, zikaviringika chini ya kitanda. Damu ilirudi vidoleni kwa uchungu mkali, nikalia kwa sauti. Sijui hasa nililia nini.

"Maji ikipungua, enda hospitali," alisema, akiushikilia mkono wangu juu kwa mikono yake miwili. "Pitia kwa mama yako, kaa. Ukitaka kurudi, rudi. Sitakufunga tena, nkerai ai, mtoto wangu."

Aliushikilia hivyo mpaka nikasinzia, na nilipozinduka alikuwa bado ameushika.

Asubuhi mto ulikuwa umeshuka. Muuguzi wa zahanati aliukagua mkono, akasema kama bangili ingebaki, ningepoteza vidole. Nililala Kitengela siku mbili, mama yangu akinipikia muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na kuniuliza kama huko ninatendewa vizuri.

Siku ya tatu nilirudi Kajiado, bila kuitwa na mtu.