Punje ya Sitini na Tatu

Bi Hafidha Shuaibu alikuwa na kidole kilichoogopwa kuanzia Mapinga mpaka Miono. Kilikuwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na kazi yake ilikuwa kuhesabu watoto. Cheo chake siku hizi kiliitwa mthibiti ubora wa shule, jina refu lililoletwa na waraka, lakini vijijini waliendelea kumwita mkaguzi, naye hakuwa na ugomvi nalo. Alizaliwa Bagamoyo mjini, binti wa mfanyabiashara wa chumvi. Alifundisha miaka kumi na mmoja, akakagua ishirini na mitatu. Walimu walimjua kwa jambo moja: haamini daftari. Ukimwambia wanafunzi ni arobaini, huwasimamisha juani na kuwaonyesha kidole mmoja mmoja, na ole wako kama umeandika majina ya hewa.

Watu wa vijiji vya kule mbele ya Miono hawapendi mtoto ahesabiwe kwa kidole. Mwulize mama ana watoto wangapi, atakujibu, "Wapo, alhamdulillahi," na hapo maswali yameisha. Wanaamini kwamba ukiwahesabu unamwonyesha asiyeonekana ni yupi wa kuchukua. Bi Hafidha aliyasikia hayo miaka yote na akayacheka, kwa adabu lakini akayacheka, maana alikuwa mtoto wa mjini.

Mwezi wa pili mwaka huu, zikiwa zimebaki siku mia na ushee astaafu, alifika Kwamduma. Huko kuna shule shikizi, yaani madarasa matatu tu ya watoto wadogo wasioweza kutembea kila siku hadi shule kubwa. Mwalimu msimamizi, Mikdad, kijana mwembamba mwenye kanzu ya Ijumaa iliyofuliwa mpaka ikachoka, alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wanafunzi wako wangapi leo?"

"Sitini na wawili. Wote wamekuja." Alijibu upesi mno, na macho yakakimbilia dirishani.

Bi Hafidha akaona keshampata. Akawapanga watoto uwanjani, akanyoosha kidole. Alipofika mwisho alikuwa na sitini na watatu.

Jambo hilo lilimshangaza. Mwalimu mwongo huongeza majina, hapunguzi. Akarudia, safari hii akianzia upande wa pili. Sitini na watatu. Akachukua daftari la mahudhurio akaita majina. Kila aliyeitwa aliitika na kwenda kusimama ukutani. Jina la sitini na mbili lilipoitikiwa, uwanja ukabaki mtupu. Akawahesabu pale ukutani. Sitini na watatu. Akawatazama sura moja moja na kila sura ilikuwa na jina lake. Jua lilikuwa la saa nne, kali, halina kivuli cha kukisingizia.

"Mwalimu Mikdad," alisema, "hapa pana nini?"

"Njoo jikoni, Mwalimu," kijana akajibu. "Mimi sina maneno ya kukwambia."

Jikoni kulikuwa na mama mmoja aitwaye Mina, mpishi wa uji wa shule. Mina hakusoma, na kama wenzake hahesabu watoto wa watu. Njia yake ilikuwa hii: kila mtoto aliyefika asubuhi alitumbukiza punje moja ya mahindi kwenye bakuli la bati mlangoni. Mina alizimwaga punje kwenye ungo, akajua unga wa kutia, kisha akapanga kikombe kimoja kwa kila punje. Hakuna kidole, hakuna kitabu, na hakuna mtoto aliyekosa uji.

"Karibu, mama mkaguzi," alisema bila kuinuka, mwiko mkononi.

Bi Hafidha akazihesabu punje za ungoni. Sitini na mbili zilikuwa kavu. Moja ilikuwa imelowa na kuvimba, kama iliyolala kwenye maji usiku kucha.

Mina aliijua bila kuhesabu. Aliichukua kwa vidole viwili, akaifuta kwa upindo wa khanga, akairudisha pamoja na nyingine. Kisha akajaza vikombe. Watoto walikuja wakachukua, wakaenda zao. Kimoja kikabaki dirishani, kinatoa moshi. Bi Hafidha aliinama kuokota kalamu iliyomponyoka, na alipoinuka kikombe kilikuwa kitupu. Akakichungulia. Chini palikuwa na mchanga mweupe kidogo, ule wa mtoni.

Alitoka nje akaegemea ukuta, na Mwalimu Mikdad akamfuata, akamweleza kwa sauti ya chini.

"Ni Mwanaheri, binti wa Mina. Alikuwa darasa la pili. Mwaka juzi wakati wa masika alichukuliwa na maji pale kivukoni, na mpaka leo mwili haujaonekana. Walimsalia, arobaini ikapita, shule ikafunguliwa. Siku ya kwanza tu punje iliyolowa ikawemo bakulini. Nikiandika sitini na wawili nadanganya macho yangu, nikiandika sitini na watatu nitaambiwa nina mwanafunzi hewa."

"Kivuko gani?" Bi Hafidha aliuliza. "Si kuna daraja?"

Mikdad alimtazama, kisha akatazama viatu vyake. Akaingia ofisini akarudi na kitabu cha kumbukumbu za ukaguzi, tayari kimefunguka kwenye ukurasa uliokwisha kusomwa mara nyingi.

Mwandiko ulikuwa wake. Tarehe ilikuwa ya mwaka mmoja kabla ya msiba. *Njia na vivuko vya wanafunzi: Salama. Daraja la miti lipo na ni imara.* Chini palikuwa na saini yake ndefu yenye mkia, ile aliyojivunia tangu chuoni.

Akakumbuka yote. Ilikuwa Ramadhani, mvua inanyesha, na Najim, dereva wa ofisini kwao, anatazama saa. Mwalimu wa wakati ule, marehemu Kibwana, alisema daraja lipo, kijiji kimeshaahidi kulitengeneza. Kivuko kilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Bi Hafidha, asiyeamini daftari la mtu yeyote, aliamini neno la mtu siku ile kwa sababu alitaka kufuturu nyumbani kwake. Akatia saini ndani ya gari. Kijiji kilipoomba mbao na misumari kikajibiwa kwamba ripoti inaonyesha daraja lipo.

"Watoto wangapi wanatoka ng'ambo?" aliuliza.

"Kumi na tisa. Na masika ndiyo hayo yanakuja."

"Mina anajua ni mimi?"

"Mina hasomi, Mwalimu. Na hakuna aliyemsomea."

Basi mambo yalikuwa wazi kama kiganja. Akiandika ukweli, saini yake mwenyewe ndiyo itakayomshitaki, mwanamke wa miaka hamsini na tisa ambaye hajawahi kupata hata barua ya onyo. Akinyamaza, mvua zitakuja na watoto kumi na tisa wataingia majini. Ningependa kusema aliamua papo hapo. Hakuamua. Alifikiria kuugua, alifikiria kumwachia mwenzake shule hii, alifikiria hata ukurasa mmoja unavyoweza kuchanika. Kisha kengele ya kwenda nyumbani ikalia, na miguu yake ikawafuata watoto wa ng'ambo kabla kichwa hakijakubali.

Daraja lilikuwa gogo moja, na gogo lenyewe limeoza katikati. Watoto hawakuligusa. Walivua viatu, wakashikana mikono, wakaingia majini mstari mmoja, kimya, bila kurushiana maji wala kucheka kama watoto wafanyavyo. Mstari haukunyooka. Ulipinda kushoto, ukarudi kulia, ukazunguka mahali ambapo maji yalikuwa meusi. Msichana aliyetangulia alinyoosha mkono wake mbele, vidole vimefumbata, na hapakuwa na mtu mbele yake.

"Mbona umefumba mkono hivyo?" Bi Hafidha alimwita.

"Nimemshika mwenzetu, Bibi," mtoto akajibu bila kugeuka. "Yeye ndiye anayejua penye kina."

Bi Hafidha alivua viatu, akapandisha baibui, akaingia. Maji yalimfika magotini, kisha mapajani. Mchanga ukateleza chini ya unyayo wake wa kulia na hapo akaogopa kufa, woga mtupu usio na heshima wala cheo. Ndipo vidole viwili vya mkono wake vikashikwa. Kilikuwa kiganja kidogo na cha baridi, kikamvuta kushoto, taratibu, kwa subira. Alikifuata. Alipokanyaga ng'ambo mkono wake ulikuwa mtupu, na alikuwa analia waziwazi mbele ya watoto kumi na tisa.

Alirudi kwa kushikwa vilevile. Akaenda moja kwa moja ofisini, akafungua kitabu, na chini ya mwandiko wake wa zamani akaandika: *Sikufika kivukoni. Daraja halikuwepo. Nilitia saini bila kuona.* Akaandika na ripoti nyingine kama hiyo ya kupeleka wilayani. Halafu akaenda jikoni, akachutama karibu na Mina aliyekuwa akisugua sufuria kwa majivu.

"Mina, lile daraja niliandika mimi kwamba lipo. Sikwenda kulitazama. Nilikuwa nakimbilia futari nyumbani."

Mina aliendelea kusugua.

"Mlifuturu nini?" aliuliza.

Bi Hafidha alitamani awe amesahau. "Tambi," alisema. "Tambi na kunde za nazi."

"Mwanaheri naye alipenda tambi," Mina akasema, na akamgeuzia mgongo kusuuza sufuria.

Mambo ya serikali yakitaka kukaa hukaa, na yakitaka kwenda huenda. Mara hii yalikwenda. Labda ni ile sentensi ya mkaguzi kujishitaki mwenyewe, kitu ambacho hakuna aliyekumbuka kukiona. Labda kuna mkubwa aliyeogopa. Mafundi walifika na mbao, nguzo na nyaya, na kabla masika hayajashika kasi kivuko kilikuwa na daraja lenye kingo za kushika pande zote mbili. Bi Hafidha alipewa barua ya kujieleza, akajieleza kwa mistari mitatu. Alitolewa kwenye ukaguzi, akabakizwa mezani, lakini aliomba kazi moja ya mwisho: kwenda Kwamduma kuthibitisha daraja kwa miguu yake. Wakamkubalia.

Alilipita mara nne, kwenda na kurudi. Kisha akafika shuleni na kukuta uwanja umechangamka. Watoto wa ng'ambo walikuwa wanafukuzana na kupiga kelele, hakuna aliyeshika mkono wa mwenzake. Hakunyoosha kidole. Alikwenda jikoni.

Mina alikuwa amemwaga punje ungoni, anazipitishia kiganja. Alizigeuza, akazitandaza, akazikusanya, akazitandaza tena. Zote zilikuwa kavu. Akachukua bakuli la bati akalipiga chini kwa kofi, akalichungulia ndani, akaingiza mkono mpaka kwenye kitako. Mwalimu Mikdad alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake, sitini na wawili, idadi sahihi kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, na uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi.

"Haimo," Mina akasema. Akainua macho. "Mama mkaguzi, ulimwambia asije?"

Bi Hafidha akachutama kando ya ungo, akazipitishia punje kiganja na yeye. Kwa muda wote ule alidhani anarudisha kitu. Hakufikiria hata siku moja kwamba mama huyu, kila asubuhi ya shule, alikuwa bado na mtoto wa kumpikia.

Mina alijaza vikombe vyote kama kawaida yake, na kile cha Mwanaheri akakiweka dirishani. Watoto wakanywa, wakaosha, wakaenda darasani. Moshi wa kikombe ukapungua, ukaisha. Uji ukafanya utando juu, na inzi mmoja akatua ukingoni. Wanawake wawili walikaa wakikitazama mpaka kengele ya saa sita.

Mwishowe Mina aliinuka, akamfukuza inzi, akakishika kikombe kwa mikono miwili na kumletea Bi Hafidha.

"Kinywe wewe," alisema.

Bi Hafidha alikipokea. Uji ulikuwa wa baridi na mzito, na alikunywa wote mpaka chini, ambako hapakuwa na mchanga.