Choo Kilichonukia Karanga

Jumatano, tarehe 13 Novemba 1974, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikutana na mama mkwe wangu kichakani.

Mimi nina jembe begani. Yeye ana jembe begani.

Na hakuna kati yetu aliyekuwa anakwenda kulima.

Wakuu, nilitoka nduki! Nikapita katikati ya migunga, nusu ya kaptula ikabaki kwenye miiba. Mama wa watu naye akajifunika kanga usoni, akachuchumaa palepale kama kichuguu.

Kwa asiyejua: kwetu Wanyamwezi, mtu na mama mkwe wake hawali pamoja wala hawapishani mlangoni. Kuingia choo kimoja? Thubutu!

Sasa tulifikaje huko? Waulizeni wakubwa.

Mwaka ule tulihamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Lusu, kando ya njia ya zamani ya misafara. Nyumba zilipangwa mstari mmoja, zimenyooka kama reli. Mama mkwe alikuwa mjane, na mjane hakuandikiwa kiwanja chake. Wakamwandika kwangu. Halafu ikashuka amri: nyumba moja, choo kimoja.

Bwana Afya wetu aliitwa Raymundi. Alikaa nyumba ya kwanza kwenye mstari, na kibarazani kwake hakukosi bibi mmoja wa upande wa mkewe akimenya karanga. Kazi ya Raymundi ilikuwa fimbo. Anaitumbukiza shimoni, anapima kina, anaandika mlangoni kwa chaki: SAWA.

Changu kilikuwa sawa kuliko vyote. Mke wangu Nyamizi alikifagia kila siku, maana ndimo tulimoweka magunia ya karanga za mbegu. Siku ya ukaguzi tunayatoa, jioni tunayarudisha.

"Ndugu Ngollo," Raymundi akasema, pua inacheza, "choo chako hakinuki kabisa!"

"Ndiyo, Bwana Afya."

"Tena kinanukia! Wenzako waje wajifunze hapa."

Nyamizi akakimbilia jikoni kucheka.

Usiku ule? Hapana, mchana uleule, aliniambia, "Baba Masika, mwombe Bwana Afya tuchimbe cha pili. Mama anateseka."

Nilimwomba. Sababu sikuisema, niliona aibu. Yeye naye hakuiuliza.

"Cha pili kitaharibu mstari," akajibu, akaenda zake na fimbo yake.

Basi, baada ya Jumatano ile, mama mkwe akahama kichaka ili asikutane nami tena. Akachagua bondeni, kwenye majani marefu.

Juu kidogo ya kisima.

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Ya nne, Nyamizi akaanza kuhara. Kesho yake mchana macho yameingia ndani, midomo imekauka, ananiita jina la kaka yake.

Hapo ndipo mama Imakulata wa zahanati alipofika na baiskeli yake. Hakuitwa. Alisikia kisimani kwamba Nyamizi hajachota maji siku mbili, akaona si kawaida.

Akakoroga uji mwepesi wa chumvi, akamnywesha kijiko kimoja kimoja mpaka jua linazama. Nyamizi akafumbua macho, akanitazama.

"Baba Masika, mbona umekaa kama umefiwa?"

Nililia, wakuu. Sifichi.

Ndipo Imakulata akaomba choo. Akafungua mlango. Halafu nikasikia kicheko, anacheka mpaka ameshika ukuta.

"Ndugu Ngollo, hizi karanga zinajisaidia humu?"

Hakunifokea. Aliingia ndani kwa mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, mimi kwetu Ziba. Baba yangu na mke wa kaka yangu hawakuwahi kuingia choo kimoja. Hapa mnafanyaje?"

Swali hilo tu. Mama wa watu akamwaga yote.

"Chimba cha pili nyuma ya mihogo," Imakulata akaniambia. "Kesho. Ruhusa niachie mimi."

Nilichimba kwa siku mbili. Wiki ile nyumba kumi na moja zikachimba, kumbe wote tulikuwa tunafuga karanga! Na Imakulata alirudi kila Jumamosi, hata Nyamizi alipopona. Alikaa na mama mkwe, maana watu walikuwa wanamnyooshea kidole kuhusu kisima na alikuwa ameacha kula.

Kisha Raymundi akaona mstari umepinda.

Akaandika barua. Imakulata akahamishwa, ng'ambo ya Sikonge huko, eti anavuruga mpango. Mashimo ya pili tukaamriwa kuyafukia. Nilifukia langu mwenyewe, kwa mikono hii. Tukarudi vichakani.

Masika iliyofuata, Nyamizi aliugua tena. Safari hii hapakuwa na mtu wa kuja bila kuitwa.

Tulimzika Jumapili.

Siku ya tatu baada ya maziko, alfajiri, nilichukua jembe langu nikaenda kichakani. Nyuma ya mgunga wangu, palepale, nikakuta mtu amechuchumaa. Kofia ya kaki. Fimbo ya kupimia imesimikwa ardhini pembeni yake.

Bwana Afya.

"Ndugu Ngollo," akanong'ona, "nisitiri. Mama mkwe yuko nyumbani."

Yule bibi wa karanga!

Nimesoma darasa la nne tu, mnisahihishe. Ila naona anayehudumia watu huwauliza kabla hawajachimba, humwona mgonjwa kabla hajaitwa, na hurudi hata watu wakishaacha kumpigia hodi. Imakulata aliyaweza yote matatu, wakamwondoa. Mwenye fimbo wakampandisha cheo. Na wewe unayeona aibu kusema, sema. Mimi sikusema.

Asubuhi ile sikumpiga. Niligeuka nikatazama upande wa pili, kama adabu inavyotaka, mpaka amalize kufunga mkanda. Ndipo nikamuuliza jambo moja. Alichukua fimbo yake akaondoka, na mpaka leo, mimi mvi tupu, sijajibiwa:

"Bwana Afya, ulianza lini kuja huku?"