Mpaka Atembee

Siku ile sebuleni kwangu Madale tulikuwa watu watano. Mie mwenye nyumba. Mkwe wangu, aliyemuoa binti yangu wa mwisho. Dada yake mkubwa huyo mkwe, mwalimu, ambaye nitamwita shangazi mtu, kwa sababu ndivyo alivyo kwa mtoto. Walikuja pamoja kwa basi kutoka kwao bara. Jirani yangu wa ukuta mmoja, si ndugu wa damu, ila tumezikiana watu wengi mpaka tumekuwa kama ndugu. Na mjukuu wangu wa kiume, mwaka mmoja na miezi mitano. Binti yangu, mama yake mtoto, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, alimwacha mtoto ana miezi minne. Majina ya wote ninayo, na ya baba zao, lakini sikuwaomba ruhusa, kwa hiyo siyaandiki.

Ili mnielewe, lazima nianze na siku ya arobaini ya binti yangu. Wanaume wa pande zote mbili walikaa kwenye mikeka uani wakazungumza habari ya mtoto. Kwamba ni wa kwao, hilo halikuwa na ubishi, maana baba yake yupo na ukoo wake upo. Ila alikuwa bado wa kubebwa, na baba mtu anashinda kazini, nani angemlea huko? Mzee mmoja wa upande wao akasema, "Akae kwa bibi yake mpaka atembee." Wote wakaitikia. Mie nilikuwa ndani na wanawake wenzangu, nikayasikia hayo nikaona ni maneno mazuri. Mtoto alikuwa hata kukaa peke yake hajaweza. Kutembea kulikuwa mbali.

Alipoanza kwenda, alianza kinyumenyume. Analala kifudifudi, anasukuma kwa mikono, mwili unarudi nyuma. Anakitaka kijiko kiko mbele yake, anajikaza, kijiko kinazidi kuwa mbali, analia kwa hasira, na kadiri anavyolia ndivyo anavyosukuma. Mara ngapi nimemtoa uvunguni mwa kitanda na utando wa buibui kichwani. Jirani akija huniuliza, mumeo yuko wapi leo? Maana kwetu Pwani mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, ndio utani wetu. Nikimwambia kaingia uvunguni, husema huyo kakuchoka, anatafuta pa kutorokea.

Halafu akapata mwendo wake mwenyewe. Hakutambaa kama wanavyotambaaga wenzake. Alikaa kitako, mguu wa kushoto kaukunja, wa kulia anautupa mbele na kujivuta nao, mkono mmoja chini na mwingine umeshika kitu siku zote, mwiko au kifuniko cha sufuria. Ukimwona utasema mtu anakuna nazi, ila mbuzi yenyewe inatembea. Akifika kizingitini anageuka, anatanguliza makalio, anapita taratibu kama watu wanaoingiza kabati. Suruali zake zote zilitoboka nyuma, nikazitia viraka vya kanga za mama yake. Siku moja alikuja hivyo kutoka chumbani mpaka jikoni, kavaa bakuli la plastiki kichwani, haoni mbele, akagonga mlango, akasimama kidogo, akaugonga tena, kama anabisha hodi. Nilicheka. Nikajishika mdomo. Nilikuwa sijacheka tangu msiba.

Mkwe wangu alipiga simu kila Jumapili akitoka kanisani. Shikamoo mama, marahaba baba, mtoto hajambo, hajambo. Kisha anauliza kama anatembea, nami nasema bado. Ilikuwa kweli, na nilikuwa nikiisema kwa raha.

Akatimiza mwaka na mwezi juu yake. Jirani akaniambia mwenzangu, huyu mchimbie shimo. Hiyo ni dawa yetu ya zamani. Unachimba kishimo kwenye mchanga mbichi, unamsimamisha mtoto ndani, unamfukia mpaka magotini au mpaka kiunoni, anakaa hapo wima asubuhi jua halijawa kali. Unafanya hivyo siku kadhaa, miguu inapata nguvu. Nilimfanyia mama yake, na kaka zake wote kabla yake. Nikachukua jembe nikaenda nyuma ya bafu, kwenye mchanga unaokaa na maji. Nilichimba vizuri tu, nikalipima shimo kwa mkono wangu. Halafu nikasimama pale na jembe, nikakumbuka yale maneno ya mikekani, nikalifukia tupu. Jirani alinichungulia juu ya ukuta, akaniuliza mbona nalifukia. Nikasema mvua inakuja. Akatazama juu, kisha akanitazama mie.

Miguu haikungoja shimo langu. Akaanza kushika kiti cha plastiki na kukisukuma sebule nzima, anakwenda nyuma yake kama mtu wa mkokoteni. Nikavipandanisha viti nikavitoa nje. Akawa anasimama kwa kushika ukuta, namkalisha. Nikipika namfunga mgongoni kwa kanga, mtoto mzito, mgongo wenyewe huu. Akijiburuza kwa kitako nampigia makofi na vigelegele. Akisimama nanyamaza. Mtoto ana akili, alishika haraka kipi kinamfurahisha bibi.

Mchana mmoja nilikuwa nakunja nguo kitandani. Akauachia ukuta akaja, hatua mbili, ya tatu akanikumbatia magoti. Akaniangalia juu, anangoja. Nilimshika mabega nikamkalisha chini. Ndivyo nilivyofanya. Mtoto kaja kwangu kwa miguu yake mara ya kwanza, nami nikamkalisha.

Jumapili yake mkwe akauliza, anatembea? Nikasema, "Bado, baba."

Nikaendelea kusema bado. Ramadhani ikaingia, ikatoka, Idi tukala, mtoto anatembea chumbani tukiwa wawili tu, na nje kwa watu anakuna nazi yake. Nilichosahau, au nilichokataa kukifikiri, ni kwamba mtu akisikia bado na bado, anaogopa. Mkwe wangu aliogopa. Akamwambia dada yake. Shangazi mtu akaulizia huko kwao mpaka akapata daktari wa mifupa, akaweka miadi. Mie niliambiwa Ijumaa kwamba kesho wanakuja, na kwamba wanakuja kumchukua mtoto akatibiwe mguu.

Ndipo tukawa watano sebuleni, viti nimevirudisha ndani. Mtoto alipoona wageni, alikaa kitako mara moja, akaanza mwendo wake, mguu kautupa mbele, mwiko mkononi, mpaka kwa baba yake. Hapakuwa na aliyecheka. Shangazi mtu alichuchumaa akaubonyezabonyeza ule mguu aliokuwa kaukunja, akaukunjua, akaukunja tena, uso wake umekaza kama anasahihisha mtihani. Akasema kwa upole kwamba wataondoka kesho asubuhi, daktari anawangoja, nisijilaumu, mambo haya yanatokea.

Sitaficha nilichofikiri. Nilifikiri, nyamaza. Wataenda naye, daktari ataona mguu mzima, watasema kumbe bado tu hajaanza, watamrudisha. Jirani alikuwa ananiangalia. Niliangalia mkeka.

Mkwe wangu akatoka kwenye kiti akakaa chini sakafuni. Akaushika unyayo wa mwanawe, mdogo, umejaa kiganjani. Huyu kijana alimzika mkewe macho makavu, tukasema watu wa bara wana roho ngumu. Sasa machozi yalikuwa yanamshuka, na hakuyafuta.

"Mama," akaniambia, "kama ni mguu, nitambeba. Hata akiwa mkubwa nitambeba."

"Anatembea," nikasema.

Shangazi mtu akageuka. "Nani anatembea, mama?"

"Huyu. Anatembea tangu kabla ya mfungo."

Sikungoja waniulize. Nilimwinua mtoto nikamsimamisha kwenye ukuta, nikaenda mpaka mlango wa jikoni, nikachuchumaa, nikamwambia njoo, mume wangu. Akaniangalia. Akakunja magoti akae, kama nilivyomfundisha. Ilibidi nimwambie mara ya pili, "Njoo kwa miguu." Nikapiga makofi. Akaachia ukuta, mikono juu kama mtu anayevuka maji, akaja, akayumba kidogo karibu na meza, akaja mpaka akaniangukia kifuani. Sikumkalisha.

Jirani akasema taratibu, "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Shangazi mtu hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Aliuliza nguo za mtoto ziko wapi. Mkwe wangu ndiye aliyebaki amekaa pale chini. Akaniambia, "Mama, ungeniambia tu."

"Ningekuambia, ungemwacha?"

Akainamisha kichwa. Hakuwa mtu wa kusema uongo, huyo.

Waliondoka kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimemwogesha, nimemlisha uji, nimemfunga kamba za viatu. Baba yake alitaka ambebe, mtoto akakataa, akataka ashushwe, akatoka uani anatembea, kashikwa mkono mmoja.

Sasa haya nimeyaandika kwa kichwa changu, na elimu yangu ni darasa la nne, na miaka imesogea. Jirani anasema kutoka ukutani hadi mlango wa jikoni mtoto alipiga hatua nane. Mie nahesabu sita. Tumebishana sana. Pengine mkwe wangu alihesabu, na akiyasoma haya anaweza kusema yeye ni ngapi. Kubwa zaidi ni hili la getini. Nimeandika alitoka uani, lakini getini sikufika, niliingia jikoni nikafungua bomba la maji nikaliacha linamwagika. Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba hakulia. Kama mlikuwepo pale nje na mlisikia vingine, nisahihisheni.