Koti la Njano la Mwadhini Mahmudu

Koti la Mahmudu lilikuwa linasimama lenyewe. Ukiliegemeza kwenye nguzo ya baraza halianguki, kwa jinsi lilivyokaukiwa na unga wa salfa na dawa ya maji ya misimu tisa. Huku juu Newala mkulima akitafuta mtu wa kumpulizia mikorosho, hutazama koti kwanza, na lenye njano nyingi ndilo la fundi. Njano ya Mahmudu ilisifiwa mpaka Tandahimba. Kulifua? Maji yenyewe yanapandishwa kwa madumu kutoka bondeni. Nani ayamwage kwenye koti ambalo kesho litachafuka tena?

Kupuliza ilikuwa kazi yake ya asubuhi. Ya pili, aliyoipenda kuliko korosho zenyewe, ilikuwa kuadhini. Miaka kumi na moja adhana ya msikiti wao ilikuwa sauti yake, na wanawake walioinama mashambani waliijua kama wanavyojua mlio wa jogoo wa nyumbani kwao.

Basi mwezi wa saba, maua ya mikorosho yakiwa yamechanua, Mahmudu akatoka shambani moja kwa moja kwenda kuadhini adhuhuri. Koti akalitundika nje, akatawadha kwa kopo, akashika kipaza sauti. Katikati ya adhana mate yakamjaa mdomoni kama mtoto anayeota meno. Ulimi ukawa mzito, magoti yakatetemeka, maneno mawili akayaruka. Kesho yake hivyohivyo. Siku ya tatu aliyumba mbele ya watu, akashika ukuta.

Nje alimkuta Dauda, mpulizaji mwenzake, mtu asiyeweza kubeba mzaha bila kuumwaga.

"Mwadhini, leo sauti imepitia kilabuni kabla ya kufika msikitini."

"Dauda, mabibo bado ni maua. Uraka unaokamuliwa mabibo nimeutoa wapi?"

"Gongo haina msimu, ndugu yangu."

Watu wakacheka. Mahmudu, ambaye hajawahi hata kulamba uraka, alicheka nao kidogo ili asionekane ameumia. Lakini Ijumaa Sheikh Ashiru alimvuta pembeni.

"Mahmudu, sikuhukumu. Ila kipaza sauti kwa sasa mwachie mwingine, mpaka watu wanyamaze."

Ndugu zangu, mtu akinyimwa shamba atalima jingine, lakini adhana? Mahmudu alikaa barazani adhuhuri ya Jumatatu, akaisikia adhana kwa sauti ya mtu mwingine, akainamisha uso. Mkewe, Fatu, alikuwa anapepeta mtama.

"Miaka ishirini na sita nalala na wewe," akasema. "Pombe nisingeinusa?"

"Wewe mke wangu. Ushahidi wako nani ataupokea?"

"Basi tutafute shahidi asiyelala na wewe." Ungo ukatulia mikononi mwake. "Wale wa maabara waliokutoa damu mwezi wa nne, wako wapi?"

Mwezi wa nne, kabla ya msimu, wataalamu walikuwa wamepita kijijini wakachukua damu ya wapulizaji wote. Mahmudu alinyoosha mkono huku akijisifu kwamba yake ndiyo nyekundu kuliko zote, kisha akasahau.

Kesho yake wakateremka Masasi. Maabarani walimkuta mmoja wa wale wataalamu, binti mwembamba aitwaye Winfrida.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja unipime kama nimelewa."

Winfrida hakucheka. Alimmulika macho kwa tochi. Mboni zilikuwa ndogo kama mbegu za ulezi. Akamwita daktari amwangalie, yeye akachukua damu, akafungua daftari la mwezi wa nne.

"Mzee, kila msuli wako hupokea amri kutoka kwenye neva," akasema. "Amri ikishatumika, kuna kimeng'enya kinachoifuta ili msuli upumzike. Dawa ya wadudu hukifunga kile kimeng'enya. Amri zisipofutwa, mate yanatoka, jasho linatoka, ulimi unakuwa mzito, magoti yanacheza."

"Hicho kimeng'enya ninacho mimi?"

"Unacho, ninacho, hata mdudu wa mkorosho anacho. Ndiyo maana dawa inamuua. Kwa hiyo tunakipima kujua mtu ameingiwa na sumu kiasi gani. Madaktari nao wanakiwinda. Zipo dawa za kukifungua kikifungwa, na wanatafuta zilizo bora kuliko hizo."

"Na changu kikoje?"

"Tukisema mwezi wa nne kilikuwa mia, leo ni arobaini na mbili. Pombe haifanyi hivi. Hii ni sumu, imepita kwenye ngozi. Nguo ya kazi unaifua lini?"

Mahmudu akamtazama Fatu. Fatu akatazama dari.

Walirudi na karatasi, na maagizo: asiguse dawa mpaka namba ipande, aoge kila atokapo shambani, na lile koti lizikwe mbali na maji, lisichomwe moto. Jumamosi Mahmudu akachimba shimo nyuma ya shamba. Dauda akaja kutazama.

"Marehemu alikuwa njano," akasema.

"Sogea nikuone macho," Mahmudu akajibu, akampeleka kivulini, ambako mboni hupanuka. Mboni mbegu za ulezi, na kidevuni mate aliyokuwa akiyafuta kila mara huku akisingizia ugoro. Mzaha ukamwishia. Jumatatu alikuwa Masasi, na nyuma yake wapulizaji saba wa kijiji kile, kila mmoja akitaka kujua namba yake.

Siku arobaini Fatu aliweka ndoo ya kuogea ya Mahmudu peke yake. Aliyeigusa kwa kuoshea vyombo alijuta. Kisha wakateremka tena.

"Themanini na nne," Winfrida akasema, na safari hii akacheka yeye kwanza.

Ijumaa Sheikh Ashiru alizisoma karatasi zote mbili mbele ya watu, pole pole, arobaini na mbili halafu themanini na nne. Dauda akasimama bila kuitwa.

"Yale ya gongo niliyasema mimi," akasema. "Nayarudisha. Nami nilikuwa na hamsini."

Sheikh akachukua kipaza sauti, akamkabidhi Mahmudu kwa mikono miwili.

Mahmudu akameza mate. Yalikuwa kidogo tu, ya kawaida. Akafumba macho, akaadhini, hakuruka neno. Kule mashambani wanawake waliokuwa wakiokota korosho za kwanza wakanyoosha migongo. Fatu, aliyekuwa kati yao, akaziweka korosho chini ili asikilize mpaka mwisho.